Namna ya kupima unyeti wa macho kwa mwanga kwa watu wenye maradhi ya mfumo wa neva

Mgonjwa anayeingia chumbani akiwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi, akaomba taa izimwe kabla hata hajaketi, hahitaji kipimo ili ajue kwamba mwanga unamuumiza. Kipimo ni kwa ajili yetu sisi tunaomhudumia, tunaopaswa kujua ni mwanga wa kiasi gani unaomuumiza, kama hali yake ya leo ni ile ile ya mwezi uliopita, na kama dawa au miwani aliyopewa imemfaa kitu. Desturi ya kumuuliza mgonjwa ataje namba kuanzia sifuri hadi kumi ina manufaa yake, lakini ina kasoro moja kubwa: mwanga anaoukadiria haujulikani. Mtu aliyefunga mapazia wiki nzima anaweza kutaja tatu kwa sababu hajakutana na mwanga, na anayefanya kazi karibu na dirisha akataja nane, ilhali wa kwanza ndiye aliyeumia zaidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, wanafunzi na watafiti wanaotaka kupima hali hiyo kwa namna inayoweza kurudiwa na mtu mwingine ikaleta jibu lile lile. Nitaeleza vipimo vitatu vinavyokwenda pamoja: kuupima mwanga wenyewe, kukitafuta kizingiti cha kuumia, yaani kiwango cha mwanga ambapo maumivu huanza, na kusoma mwili unavyoitikia. Kimoja peke yake hakitoshi, na sababu nitazieleza njiani.

Kwanza ieleweke maumivu yanatoka wapi. Kwa wenye kipandauso, kwa waliopata mtikisiko wa ubongo, na kwa wenye maradhi ya kope kujikaza zenyewe, jicho linaweza kuchunguzwa likaonekana zima kabisa, kisha mgonjwa akarudishwa nyumbani akiambiwa ni wasiwasi tu. Hilo si kweli. Katika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, zinazohisi mwanga bila kutegemea zile seli za kawaida za kuonea, na hisia yake ni kali zaidi kwa mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 480. Mwaka 2010 watafiti Rodrigo Noseda, Rami Burstein na wenzao walionyesha kwa panya kwamba habari kutoka retina hufika kwenye neva za thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha habari za hisi, zinazopokea pia maumivu ya utando wa ubongo. Walionyesha vilevile kwamba baadhi ya watu wasioona wenye kipandauso huumizwa na mwanga, ili mradi macho yao bado yanautambua. Kwa hiyo tunachokipima hakiko kwenye jicho peke yake, na uzima wa jicho haukanushi maumivu.

Kabla ya kuwasha taa yoyote

Mtu mwenye homa, shingo iliyokakamaa na macho yaliyoanza ghafla kukataa mwanga hapimwi kizingiti. Anapelekwa hospitali mara moja, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo jicho jekundu linalouma, au uoni uliopungua ghafla, ni kazi ya daktari wa macho siku hiyo hiyo. Ukavu wa macho, vidonda vya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na uvimbe wa ndani ya jicho huleta maumivu ya mwanga yanayofanana kabisa na yale ya ubongo, kwa hiyo uchunguzi wa macho utangulie. Daktari wa macho anaweza kutumia matone ya ganzi ili kutenganisha: maumivu yakitulia baada ya ganzi, chanzo kiko kwenye uso wa jicho; yakibaki, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo kiko ndani zaidi au kwenye neva.

Uliza pia kuhusu kifafa. Kuumizwa na mwanga na kupatwa na degedege kwa sababu ya mwanga unaomemeteka ni mambo mawili tofauti, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa wenye kifafa cha aina hiyo. Vipimo ninavyoeleza hapa vinatumia mwanga tulivu, unaowaka na kuzimwa pole pole. Asipimwe mtu kwa mwanga wa kumemeteka nje ya maabara ya kupima umeme wa ubongo yenye wataalamu wake.

Kisha andika mambo yanayobadilisha jibu: saa ya kipimo, usingizi wa usiku uliopita, kahawa, dawa alizotumia siku hiyo, na kwa mwenye kipandauso, saa ngapi zimepita tangu shambulio la mwisho. Baadhi ya dawa hupanua mboni na kuingiza mwanga mwingi zaidi. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni huibana. Uliza pia kama huvaa miwani myeusi ndani ya nyumba, na kwa muda gani kila siku, maana macho yaliyozoezwa giza huuona mwanga wa kawaida kuwa mkali.

Kuupima mwanga penye jicho

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ndipo nami nilipokosea nilipoanza. Nilikuwa nikiweka kipima mwanga mezani, kikitazama juu, nikaandika luksi 400 (luksi ni kizio cha mwanga unaoangukia mahali) na kuridhika. Mgonjwa alikuwa ameketi akitazama ukuta mweupe, na nilipokileta kipima mwanga hadi usawa wa jicho lake, kikitazama kule alikotazama yeye, kilisoma chini ya nusu ya namba ile. Tangu siku hiyo sikubali namba yoyote ambayo haikupimwa penye jicho. Weka kiegemeo cha kidevu au angalau kiti kisichosogea, funga kipima mwanga mahali lilipo jicho, kielekee anakotazama mgonjwa, pima kila kiwango cha mwanga utakachotumia, andika, kisha ndipo mgonjwa akae.

Chanzo cha mwanga kiwe bamba pana la taa nyeupe za LED lililofunikwa kwa plastiki nyeupe inayotawanya mwanga, ili pasiwe na nukta kali inayochoma sehemu moja ya retina. Usitumie jua wala leza. Ukitaka kupunguza mwanga, jihadhari na swichi za kupunguzia: nyingi haziupunguzi mwanga kwa kweli, bali huuwasha na kuuzima kwa kasi ambayo jicho halitambui, ingawa ubongo wa mgonjwa unaweza kuudhika. Jaribio lake ni jepesi. Elekeza kamera ya simu kwenye bamba, ukichagua picha ya mwendo wa taratibu. Ukiona mistari myeusi ikitembea juu ya mwanga, taa hiyo inamemeteka na haifai. Njia salama zaidi ni kuiacha taa iwake kwa nguvu moja na kuweka mbele yake vichujio vya kijivu, ambavyo hupunguza mwanga bila kubadilisha rangi yake. Kusogeza taa mbali pia kunawezekana, lakini ile kanuni ya kwamba umbali ukiongezeka maradufu mwanga hubaki robo ni ya chanzo kidogo kama nukta; bamba pana lililo karibu haliitii, kwa hiyo pima kila umbali badala ya kukokotoa.

Kipima mwanga cha simu kinaweza kutumika kujifunzia tu. Kihisi chake hakikutengenezwa kwa kazi hii, na simu mbili zikiwekwa pamoja zinaweza kutofautiana sana.

Kuna jambo jingine ambalo luksi haisemi. Luksi hupimwa kwa mizani iliyowekwa na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, mwaka 1924, yenye kilele cha nanomita 555, yaani kijani kibichi, ilhali melanopsini ina kilele chake kwenye buluu. Taa mbili zenye luksi sawa, moja ya manjano na nyingine nyeupe yenye ubuluu, zinaweza kuziamsha seli hizo kwa viwango tofauti kabisa. CIE ilitoa mwaka 2018 kiwango kipya kinachohesabu mwanga kwa kila aina ya seli, na mwenye kifaa cha kuchanganua rangi za mwanga akitumie. Asiye nacho aandike aina ya taa na joto lake la rangi, yaani namba inayoonyesha kama mwanga wake una umanjano au ubuluu, na asiibadilishe taa hiyo kati ya kipimo na kipimo.

Kukitafuta kizingiti

Mwanga tunaokutana nao una upana wa ajabu. Mwezi mpevu hutoa chini ya nusu luksi, ofisi huwa na kati ya 300 na 500, anga la mawingu hufika maelfu, na jua la mchana huweza kufika luksi 100,000. Ukiongeza mwanga kwa luksi 100 kila mara, hatua ya kwanza itakuwa kubwa mno na ya mwisho haitahisiwa. Ndiyo maana tunapanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha, na hesabu zote hufanywa kwa logi ya msingi wa kumi: logi moja ni kuzidisha kwa kumi, nusu logi ni kuzidisha kwa takriban 3.2, na robo logi kwa takriban 1.8.

Mpe mgonjwa dakika kumi katika chumba chenye mwanga hafifu, bila miwani ya rangi, ili wote waanze kutoka mahali pamoja. Kisha mweleze swali moja tu, kwa maneno yale yale kila mara: «Je, mwanga huu unakukera kiasi kwamba ungependa uzimwe?» Asijibu kwamba ni mkali au si mkali, kwa sababu ukali na maumivu si kitu kimoja, mtu mzima wa afya huona mwanga ni mkali bila kuumia. Kila mwanga uwake kwa sekunde mbili, kisha apumzike sekunde kadhaa, au zaidi akihitaji.

Namna ya kupanda na kushuka ni kama ngazi. Anza chini sana, tuseme luksi 10, panda kwa nusu logi hadi aseme ndiyo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo tumia hatua za robo logi: akisema ndiyo shuka, akisema hapana panda. Mfano wa hesabu ni huu. Kwa luksi 10, 32 na 100 mgonjwa anasema hapana. Kwa 316 anasema ndiyo. Tunashuka hadi 178, hapana, tunapanda 316, ndiyo, 178, safari hii ndiyo, 100, hapana, 178, ndiyo, 100, hapana, 178, hapana, 316, ndiyo. Kila mahali mwelekeo ulipogeuka ni mgeuko. Tunauacha mgeuko wa kwanza, tunabaki na sita: 178, 316, 100, 178, 100 na 316. Logi zake ni 2.25, 2.5, 2.0, 2.25, 2.0 na 2.5, na wastani wake ni 2.25, yaani luksi 178. Kama tungejumlisha luksi zenyewe na kugawa kwa sita, tungepata 198, namba iliyovutwa juu na vile viwango vikubwa. Mara kumi na mbili za kuwasha taa zimetosha, na mgonjwa hakusukumwa hata mara moja mbali zaidi ya pale alipoanza kuumia. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika njia hii.

Weka kikomo cha juu kabla ya kuanza, na mgonjwa awe na uwezo wa kuzima taa kwa mkono wake mwenyewe. Akikifikia kikomo bila kuumia, andika kwamba kizingiti kiko juu ya kikomo, usibuni namba. Changanya humo mara mbili tatu ambapo swichi inabofywa lakini taa haiwaki. Akisema ndiyo gizani, usimwone mwongo: mara nyingi ni hofu ya maumivu yanayotarajiwa, na hofu hiyo nayo ni habari ya kuandikwa. Pima macho yote mawili pamoja kwanza, kisha kila jicho peke yake kama kuna sababu, kwani macho mawili kwa kawaida huchoka na mwanga mapema kuliko moja.

Watafiti wa Taasisi ya Macho ya Bascom Palmer, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Miami, wametengeneza kifaa chenye bamba la LED kinachofanya kazi ya namna hii chenyewe. Hata hivyo, kifaa hakibadilishi ukweli kwamba kizingiti ni jibu la mgonjwa. Mwanga umepimwa kwa usahihi, mpangilio haukupendelea upande, lakini anayesema ndiyo ni yeye. Kwa hiyo twende kwenye mwili.

Kusoma mwili unavyoitikia

Mwanga unapouma, uso hujikunja kabla mtu hajaamua kuukunja. Misuli inayozunguka jicho na ile inayovuta nyusi pamoja hukaza, na umeme wake unaweza kusomwa kwa elektrodi za kubandika: mbili chini ya ukingo wa kope la chini, mbili juu ya ncha ya ndani ya unyusi, na moja ya marejeo mahali pasipo na msuli mwingi. Maabara za Chuo Kikuu cha Iowa zimetumia njia hii kwa wenye kipandauso na kwa walioumia ubongo. Linganisha nguvu ya umeme katika sekunde moja kabla ya mwanga na ile ya sekunde za mwanga, na uondoe ule mpepeso wa kwanza wa kushtuka, ambao kila mtu anao.

Asiye na elektromiografia, yaani chombo hicho cha kusoma umeme wa misuli, anaweza kutumia video. Piga picha za uso kwa fremu 60 kwa sekunde, kamera ikiwa imara, na ubandike kipande kidogo cha rula ya karatasi kwenye paji la uso ili uweze kubadilisha vipimo vya picha kuwa milimita. Baadaye mtu mwingine, asiyejua taa ilikuwa na luksi ngapi, apime upana wa uwazi kati ya kope la juu na la chini, na ahesabu mipepeso. Ukipima wewe uliyekuwa ukiwasha taa, jicho lako litaona unachotarajia.

Mboni ni shahidi wa tatu, naye anahitaji kuulizwa kwa uangalifu. Baada ya dakika kumi za giza, mulika mwanga mwekundu kwa sekunde moja, subiri mboni irudi katika upana wake, kisha mulika wa buluu wenye idadi sawa ya fotoni, yaani chembe za mwanga. Mwekundu ukizimwa, mboni hupanuka upesi. Buluu mkali ukizimwa, hubaki imebana, na upana wake sekunde sita baada ya kuzimwa ni dalili ya kazi ya melanopsini. Mwekundu utangulie, kwa sababu buluu huacha athari ndefu. Lakini mboni hupima njia ya mwanga, haipimi maumivu. Nimeona mboni zinazoitikia kama za mtu mwenye afya kwa mgonjwa asiyeweza kukaa chini ya taa ya dari, na ningesikitika sana kama mtu angetumia grafu hiyo kumwambia kwamba hana shida.

Vipimo vya umeme wa ubongo na picha za ubongo vimefundisha mengi kuhusu maradhi haya, ila kwa mgonjwa mmoja mmoja bado ni vyombo vya utafiti.

Ugonjwa unapokiharibu chombo

Sehemu hii husahaulika, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa kazi yote. Ugonjwa ule ule unaoleta maumivu unaweza kuziba njia tunayopimia. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaokakamaza na kutetemesha mwili, anaweza kuwa na uso usiochezacheza. Mwanga unamuumiza, msuli haukazi, na elektrodi inasoma utulivu. Mwenye kope zinazojikaza zenyewe ana kinyume chake: msuli unakaza hata gizani, kwa hiyo bila kurekodi dakika kadhaa za giza kwanza, kila kitu kitaonekana kama maumivu ya mwanga. Aliyepooza upande mmoja wa uso asomwe upande mzima. Aliyewahi kuvimba neva ya jicho, jambo la kawaida kwa wenye ugonjwa wa sklerosisi ya sehemu nyingi (multiple sclerosis), mboni yake itaitikia kwa udhaifu kwenye jicho lile, na udhaifu huo si ushahidi kwamba haumii. Anayetetemeka mikono au mwenye mwendo mzito asipewe kitufe cha kubonyeza. Aseme, au mpimaji abonyeze kwa niaba yake. Aliyepoteza maneno baada ya kiharusi anaweza kuinua kidole gumba, baada ya kuhakikisha kwa mifano michache kwamba ameelewa swali.

Kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo, uchovu ndio adui. Kipimo cha asubuhi na cha jioni kwa mtu huyo vinaweza kutofautiana kuliko tofauti inayoletwa na tiba, kwa hiyo saa iwe ile ile, na kizingiti kipimwe kabla ya vipimo vingine. Kwa mwenye kipandauso, siku ya shambulio si siku ya kupima. Umri nao una sehemu yake, kwa kuwa lenzi ya mzee huwa ya manjano zaidi na mboni yake ndogo zaidi. Mlinganishe na rika lake.

Kuandika matokeo

Pima mara mbili, siku mbili tofauti, kabla ya tiba yoyote kuanza. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo inayokuonyesha kupanda na kushuka kwa kawaida kwa mtu huyo. Kama siku ya kwanza alikuwa na logi 2.25 na ya pili 2.40, basi kupanda hadi 2.45 baada ya dawa hakujathibitisha kitu. Kupanda hadi 2.85, yaani luksi zipatazo 700, na kubaki hapo katika vipimo viwili mfululizo, kunastahili kuaminiwa.

Ongeza hojaji, kwa maana kizingiti hakisemi mtu ameacha kufanya nini kwa sababu ya mwanga. Hojaji ya Utah yenye maswali 17 inauliza mambo ya aina hiyo: kuendesha gari, kazi, kutoka nje. Ukiitafsiri, ijaribu kwanza kwa watu kadhaa uone kama wanaelewa kila swali jinsi ulivyokusudia.

Katika ripoti andika kizingiti kwa luksi na kwa logi, aina ya taa na umbali wake, macho mangapi yalipimwa, muda wa kuzoea mwanga hafifu, majibu ya mara zile taa haikuwaka, mabadiliko ya msuli au ya uwazi wa kope, upana wa mboni, na kila hali ya siku hiyo uliyoiuliza mwanzoni. Kizingiti na mwili vikipingana, andika vyote viwili pamoja na sababu unayoidhani. Usichague kimoja ukakificha kingine. Mpe mgonjwa nakala, na mweleze namba yake kwa vitu anavyovijua: kwamba mwanga unaomuumiza leo ni pungufu ya ule wa ofisi ya kawaida. Kisha mpatie chumba chenye giza apumzike hadi maumivu yatulie, na uandike ametulia baada ya dakika ngapi, kwa kuwa muda huo nao hubadilika kadiri anavyopona.